Breki Zilifeli: Ni Ajali, Uzembe au Liwalo na Liwe?

Gari likipinduka asubuhi kati ya Segera na Muheza, hadi adhana ya magharibi kesi imeshasikilizwa na hukumu imeshatoka kwenye mabenchi ya kahawa Ngamiani, Tanga mjini. Mmoja atasema ni ajali ya Mungu, breki zilifeli, binadamu angefanya nini. Wa pili atasema huo ni uzembe mtupu, dereva anyang'anywe leseni. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, atasema yule ni muuaji na anyongwe. Kesho yake taarifa ikitoka kwamba chanzo ni "mwendokasi na uzembe wa dereva", kila mmoja kati ya wale watatu ataona imemuunga mkono yeye.

Wanabishana kuhusu gari moja na dereva mmoja, lakini kila mmoja ana swali lake kichwani. Wa kwanza anauliza kama dereva alitaka. Wa pili anauliza kama alikuwa makini. Wa tatu anahesabu maiti. Na mkanganyiko huu si wa kijiweni tu tena, kwa sababu tangu mwaka 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Neno unaloliropoka leo ukisubiri kashata unaweza kuulizwa maana yake kesho ukiwa shahidi.

Basi tulipange jambo lenyewe. Chukua Hiace nne zinazotoka Muheza kuja Tanga mjini. Zote nne, zikifika Pongwe, zinamgonga mwendesha baiskeli na kumvunja mguu. Madereva wote wanne wakishuka wanasema neno moja: breki zilifeli.

Gari la kwanza lilitoka gereji jana yake. Pedi mpya, mafuta ya breki yamejazwa, fundi amepitia mipira yote ya breki. Mpira mmoja ulikuwa na kasoro ya ndani ambayo jicho halioni, ukapasuka njiani. Hiyo ni ajali kwa maana yake halisi: jambo limetokea bila dereva kulitaka na bila yeye kuwa na namna ya maana ya kulijua.

Dereva wa pili hajafungua gurudumu kwa miezi. Hajui kama pedi zimekwisha, wala hajawahi kujiuliza. Ukimwambia breki zake mbovu atashangaa kikweli. Huyo ni mzembe. Hatari ilikuwepo, dereva yeyote mwenye akili zake angeikagua, yeye haikumpitia akilini.

Wa tatu ndiye ninayemtafuta. Huyu tangu juzi anasikia chuma kinasaga chuma gurudumu la mbele kushoto. Akikanyaga, pedeli inazama hadi chini, inabidi apampu mara mbili tatu ndipo gari lishike. Fundi pale Muheza amemwambia, "Kaka, usilitembeze hili. Lipaki hapa nikufuatie pedi." Akatazama saa, akatazama viti vilivyokwishajaa, akasema "tutafika tu", akaingia ndani na kuongeza sauti ya taarab ili ule msuguano usisikike. Hakutaka kumgonga mtu. Angeapa, na kiapo chake kingekuwa cha kweli. Lakini hatari aliiona, akaipima dhidi ya nauli, akaamua kwamba likitokea litokee. Hiyo ndiyo kutojali hatari, na ndiyo inayotupotea katikati ya "ajali" na "kusudi".

Wa nne anadanganya. Breki zake nzima, na mwenye baiskeli ni mtu waliyegombana kuhusu shamba. Hiyo ni kusudi, haina haja ya maelezo.

Mguu uliovunjika ni uleule mara nne. Kilichobadilika ni kilichokuwamo kichwani mwa dereva kabla ya Pongwe. Hapo ndipo yule bwana wa tatu wa kijiweni anapokosea: anachukua ukubwa wa msiba kuupima ubaya wa aliyeusababisha. Uzembe mdogo kabisa, nati moja isiyokazwa, unaweza kuua watu 30. Na mtu anaweza kuishi na liwalo na liwe miaka kumi akiwa amelewa usukani bila kumkwaruza hata kuku. Huyo mlevi ana bahati tu. Hana usafi wowote.

Lugha yetu ina vifaa vya kutosha vya kuzitenganisha hali hizi, ila tunavitupia kapu moja. "Bora liende" ni la mzembe: anafanya nusunusu, hakagui, haulizi, moyo haupo kwenye kazi. "Liwalo na liwe" ni la dereva wa tatu, na ukilisikiliza vizuri, huwezi kulitamka bila kwanza kujua kwamba kuna jambo linaloweza kuwa. Vijana husema "amejitoa ufahamu", na wamelenga kuliko wanavyodhani, maana mtu hajitoi kitu ambacho hakuwa nacho. Papara na pupa ni majirani tu wa jambo hili. Mwenye papara hakujipa nafasi ya kufikiri, mwenye pupa tamaa ilimtangulia. Wote wawili wanaweza kuwa hawakuiona hatari kabisa, kwa hiyo wanarudi kwenye uzembe. Purukushani, ambayo siku hizi tumeiachia vurugu za kukimbizana na mgambo, ina maana nyingine ya zamani ya kupuuza jambo lililo mbele yako. Ni neno zuri na ningependa lirudi kazini.

Sasa sheria inasemaje? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 233 kinachowaweka pamoja mzembe na asiyejali hatari. Wengi hudhani ni kifungu cha madereva. Ukikisoma utakuta kinamgusa pia anayeongoza chombo cha majini, anayechezea moto, mwenye mnyama wa hatari, anayetoa matibabu, anayeuza dawa au sumu, na mwenye mashine. Yaani nahodha wa Kigombe, mwenye duka la dawa Makorora na mtu anayechoma majani shambani kwake Mkinga wote wamo. Kinachotakiwa ni kwamba namna ya kufanya jambo iwe ya kuhatarisha maisha au kuelekea kumdhuru mtu. Kwa upande wa barabara, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inatofautisha: kuendesha kwa kutojali au kwa namna ya hatari ni kosa lake, kuendesha bila uangalifu ni kosa jingine jepesi zaidi.

Mtu akifa, ngazi zinapanda. Kuna kosa tunaloliita kuua bila kukusudia, na jina hilo limewapoteza watu wengi sana. Nimewasikia wazee wenye hekima zao wakisema, "Si imeandikwa hakukusudia? Basi wamwachie." Hapana. Kosa hilo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. "Bila kukusudia" inamwondoa mtu kwenye kitanzi, haimwondoi gerezani.

Na hata hicho kitanzi hakihitaji chuki, jambo ambalo huwashangaza wengi zaidi. Kifungu cha 200 cha Kanuni hiyo hiyo, kinapoeleza nia ovu inayofanya kifo kiwe mauaji, hakikuishia kwa anayetaka kuua. Kimemtaja pia anayejua kwamba anachokifanya kwa uwezekano mkubwa kitaleta kifo au madhara makubwa, hata kama kwake ni sawa tu yatokee au yasitokee. Anayefyatua risasi kwenye umati kwa furaha ya harusi hawezi kujitetea kwamba hakuwa na ugomvi na marehemu. Kwa hiyo yule mpiga kelele wa kijiweni hayuko mbali sana na sheria. Amekosea kipimo tu. Dereva wetu wa Muheza alijua *huenda* akaumiza mtu. Kati ya kujua kwamba huenda na kujua kwamba kuna kila dalili, kuna umbali mkubwa, na mawakili wanalipwa vizuri kuutembea.

Mizizi ya mambo haya iko Uingereza kwa sehemu kubwa, na huko nako hawakuelewana haraka. Mwaka 1957 iliamuliwa kesi ya mtu aitwaye Cunningham, aliyeshuka chumba cha chini cha nyumba tupu na kung'oa mita ya gesi ukutani ili aibe sarafu zilizokuwamo. Bomba hakulifunga. Gesi ikapenya hadi nyumba ya jirani, ikamfikia mwanamke aliyekuwa amelala, ambaye, kwa bahati ya ajabu, ndiye aliyekuwa anatarajiwa kuwa mama mkwe wake. Waliosikiliza kesi mara ya kwanza walielekezwa kwamba inatosha kuwa alifanya jambo ovu. Mahakama ya rufaa ikakataa na kuifuta hatia: kuiba ni uovu, sawa, lakini kuhusu gesi ilibidi ionyeshwe kwamba aliona inaweza kumdhuru mtu na bado akaendelea. Wizi haukuwa ushahidi wa kutojali hatari.

Mwaka 1981, katika kesi ya Caldwell, kipimo kikageuzwa kwa makosa ya uharibifu wa mali. Ikawa hata ambaye hakuiwaza hatari kabisa atahesabiwa asiyejali, maadamu hatari hiyo ingekuwa dhahiri kwa mtu wa kawaida. Ukiitazama, dereva wa pili akasukumwa kiti kimoja na dereva wa tatu. Kisha mwezi Agosti 2000 watoto wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine 12, wakawasha magazeti nyuma ya duka mjini Newport Pagnell, wakayatupa chini ya pipa la taka la plastiki na kuondoka, wakidhani moto utajifia kwenye sakafu ya saruji. Ukapanda ukutani, duka likaungua, hasara ikafika karibu pauni milioni moja. Kwa kipimo cha Caldwell walikuwa na hatia, maana mtu mzima angeuona huo moto unakoelekea. Mwaka 2003 majaji wa juu kabisa wakasema hapana, wakarudi kwenye swali la zamani: wao wenyewe waliona nini? Imechukua miaka 22 kukubali kwamba mtoto wa miaka 11 hafikirii kama baba yake. Bibi yeyote wa Pangani angewaambia bila ada ya mahakama.

Hapa mtu mjanja atauliza: kumbe ukijifanya hukuona unapona? Ndiyo maana nimemwongezea dereva wangu ile taarab. Anayeongeza redio ili asisikie breki amekwishazisikia. Huwezi kukimbia kitu usichokijua kilipo. Vivyo hivyo kwa mwenye duka anayekataa kusoma tarehe kwenye boksi kwa sababu anashuku itakachosema.

Ulevi nao unatumiwa vibaya. "Alikuwa amelewa, hakujua analolifanya" inasemwa kwa huruma, kana kwamba ni dawa. Sheria yetu haiukubali ulevi kuwa utetezi isipokuwa katika hali chache, kwa mfano mtu aliyeleweshwa na mwingine bila ridhaa yake, au ambaye akili ilikwishavurugika kwa kiwango cha wazimu. Aliyekwenda kwa miguu yake kilabuni, akanywa mnazi kwa mkono wake huku funguo za pikipiki zikiwa mfukoni, aliiona hatari akiwa bado mzima. Aliiona mezani, kabla ya kibuyu cha pili.

Kuhusu "ni mapenzi ya Mungu", sitabishana na imani ya mtu, nami ni wa humu humu. Nitasema tu kwamba hadithi ya Mtume ambayo kila mtoto wa madrasa Tanga ameisikia inaanza na kumfunga ngamia, ndipo kutawakali kunafuata. Dereva wa kwanza alimfunga ngamia wake. Akisema ni kudura, tumwitikie. Wa tatu alimfungulia kamba kisha akasema inshallah.

Kuna utata mmoja ambao ni mgumu kweli, nao ni ujasiri. Nahodha anayetoka na mashua msimu wa kusi, bahari imechafuka kwenye mkondo wa Pemba, kwa sababu amesikia ngalawa ya wenzake imepinduka, anaijua hatari barabara kuliko dereva yeyote wa Hiace. Anaendelea nayo kwa makusudi. Mbona hatumwiti asiyejali? Daktari wa upasuaji vilevile: anajua mgonjwa anaweza kuishia mezani, na bado anashika kisu. Kujua hatari na kuendelea havitoshi peke yake. Lazima tuulize hatari hiyo ilikuwa ya nini, na alifanya nini kuipunguza. Daktari ana sababu kubwa kuliko hatari, amepata ridhaa ya mgonjwa, ana damu ya akiba na mtu wa usingizi pembeni. Nahodha anakwenda kuokoa roho, amechukua watu wanaojua kuogelea na kamba ya kutosha. Lakini mwache nahodha huyohuyo atoke siku ileile, bahari ileile, ana abiria na magunia ya karafuu na hakuna jaketi hata moja, kwa sababu tu mzigo umelipiwa. Mawimbi hayajabadilika. Jina la kitendo limebadilika.

Idadi ya abiria ni mfano unaofaa kwa sababu haijifichi. Mpira wa breki unaweza kuoza ndani bila kuonekana, watu waliosimama sitahani unawaona. Kivuko cha MV Nyerere kilichozama Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Simnyoshei kidole mtu mmoja, maana kwenye chombo kilichojaa namna ile kuna aliyeruhusu, aliyepakia, aliyeona akanyamaza, na aliyepanda kwa kuwa hakuna kingine hadi kesho. Huyo wa mwisho ninasita sana kumwita asiyejali. Kama ninavyosita kwa wale wa Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, waliokimbilia lori la mafuta lililopinduka wakiwa na madumu, wakafa zaidi ya mia moja lilipolipuka. Wangapi kati yao walijua kwamba mvuke wa petroli, wala si petroli yenyewe tu, unashika moto kutoka mbali? Asiyejua hana alichokipuuza. Umaskini nao hupunguza vitu ambavyo mtu anaweza kumudu kuviogopa.

Ukitaka kuona hali zote zikiwa ndani ya kitendo kimoja, nenda ufukweni. Pwani yetu hii ya Tanga ilisifika vibaya kwa uvuvi wa baruti, na hadi leo hujakosa kumwona mzee wa bandarini asiye na kiganja, ambaye watoto wanajua wasimuulize. Mvuvi anarusha chupa. Kwa samaki hiyo ni kusudi kamili, ndio aliowalenga. Kwa matumbawe si kusudi, hana faida yoyote na matumbawe, tena yakifa samaki watahama. Lakini anajua yatavunjika kwa uhakika kama anavyojua jua litazama, kwa hiyo hawezi kusema yaliharibika kwa bahati mbaya. Kwa mwenzake aliyekwishazama na wavu upande wa pili wa mtumbwi, hapo ndipo liwalo na liwe ilipo: anampenda, ni shemeji yake, na ametupa. Kwa mzamiaji mgeni ambaye hakujua yupo karibu, pengine ni uzembe tu. Kwa mkono wake mwenyewe, ni kamari. Mlipuko mmoja. Ndiyo maana kuuliza "huyu mtu alikuwa mzembe au alikusudia?" mara nyingi ni swali lisilotimia. Uliza: kuhusu nini, na kuhusu nani?

Anayedai fidia, kwa njia, hana haja ya kupanda ngazi zote hizi. Mwendesha baiskeli wa Pongwe akienda kwenye madai ya kawaida, uzembe unamtosha. Ukubwa wa dharau ya dereva ni shughuli ya kesi ya jinai. Wengi huacha kudai kwa kuambiwa "hakukusudia", na hilo halikuwa swali.

Kwenye jinai, kwa kuwa hakuna mashine ya kupiga picha kichwa cha mtu, mahakama inalazimika kukisoma kwa nje: fundi alisema nini, dereva alijibu nini, redio iliongezwa saa ngapi. Hapo abiria ana nguvu kuliko anavyojua. Ukiandikisha maelezo polisi, usiishie kwenye "alikuwa anaendesha kwa kasi". Hiyo inaweza kuwa kasi ya mzembe aliyepotewa na mawazo. Sema kama kuna mama aliyepiga kelele "dereva punguza, tuna watoto humu" pale Mkanyageni, konda akacheka, na gari likaongezwa mwendo. Kuanzia sauti ile ya mama, dereva hana tena njia ya kusema hakuijua hatari.